Msimu Niliocheza kwa Jina la Tarnai

Pest, Jumapili 3 Machi
Manyunyu tangu asubuhi, tope mpaka kwenye vifundo. Leo nimecheza mechi yangu ya kwanza na timu ya kwanza, winga wa kushoto, na nimefunga goli. Kesho magazeti yatasema aliyefunga ni Tarnai.

Naandika mambo kwa utaratibu, maana yananichanganya hata mimi. Mwanafunzi wa sekondari haruhusiwi kuwa mwanachama wa klabu ya mpira. Akionekana uwanjani na jezi anafukuzwa, na mimi niko darasa la nane, la mwisho. Nikifukuzwa sasa, karibu na mtihani wa mwisho, hakuna shule mjini itakayonipokea. Ndiyo maana wanafunzi wanaocheza wanacheza kwa majina ya uongo. Walimu wanajua. Wanachotafuta ni uso wanaoutambua.

Klabu yetu haitungi majina mapya kila mara. Ina Tarnai wake, na anacheza winga ya kushoto kwa mwaka wa nne sasa. Tarnai wa kwanza anasomea udaktari, wa pili yuko jeshini, mimi ni wa tatu. Reiner, nahodha wetu, karani wa benki mwenye masharubu ya nta, alinikabidhi jina kwenye chumba cha kubadilishia nguo kama mwenye nyumba anavyomkabidhi mpangaji funguo.

"Usilichafue," alisema. "Ukimaliza shule, unalirudisha."

Jumatatu 4 Machi
Wakati wa supu ya kabichi Baba alisoma gazeti kwa sauti. "Tarnai amerudi kwenye kiwango chake cha mwaka juzi." Mwaka juzi nilikuwa bado nachezea uani kwetu.

Baba ni mtengeneza kofia. Hapendi mpira, anapenda magoli. Goli likiingia watu wanarusha kofia juu, zikishuka zinakanyagwa, na Jumatatu zinaletwa dukani zimebonyea kama sufuria za wazururaji.

"Mungu amlinde huyu Tarnai," alisema akipaka siagi mkate. "Kijana anajua kazi. Si kama wengine, wameshika kitabu cha Kilatini kichwa chini miguu juu."

Niligeuza kitabu.

Jumanne 12 Machi
Mvua. Hesabu. Mvua.

Jumapili 17 Machi
Ushindi, lakini sina furaha nao. Bwana Zsombory, mwalimu wetu wa Kilatini, alikuwa uwanjani. Alisimama nyuma ya kamba peke yake, koti jeusi, mwavuli umefungwa ingawa mvua ilinyesha. Nilivuta kofia yangu mpaka kwenye nyusi. Ni kofia ya kijivu niliyoichukua dukani, iliyoharibika kwenye bitana, Baba aliitupa kwenye pipa la vipande. Kipindi chote cha pili nilicheza nikiwa nimempa mgongo yule mtu, na winga hawezi kucheza akiwa ameupa mgongo upande mmoja wa uwanja. Reiner alinifokea.

"Unacheza kama kaa, bwana!"

"Mwalimu wangu yupo."

"Mwalimu wako hayupo kwenye timu yao. Mpite."

Njumu zinarudi nyumbani ndani ya sanduku la fidla la Vince. Vince Pásztor yuko darasa la saba, nyumba ya pili kutoka kwetu, anacheza timu ya pili kwa jina lingine na fidla anaikwaruza kweli. Nyumbani nasema ninakwenda kwao kusoma. Mama anafua soksi zangu. Leo alisema tu, "Nyumba ya kina Vince ina tope sana mwaka huu."

Jumatatu 25 Machi
Shule moja ya Buda, ng'ambo ya mto, imemfukuza kijana wa darasa la nane. Alionekana akitoka uwanjani na kitambaa kichwani, damu inachuruzika, akamwamkia mkuu wake wa shule kwa adabu zote. Adabu ndiyo iliyomponza.

Bwana Zsombory alituhadithia darasani, kisha akatutazama mmoja mmoja. "Nina macho mabovu ya karibu," alisema, "lakini ya mbali ni mazuri sana." Sijawahi kumchukia mtu kama ninavyomchukia huyu.

Jumatatu 1 Aprili, Pasaka
Nimewanyunyizia binamu zangu wa kike manukato kama desturi ya Pasaka ilivyo, nikalipwa mayai mekundu. Jua kwa mara ya kwanza. Hakuna mechi.

Jumatatu 8 Aprili
Imetangazwa. Waustria wanakuja kucheza na timu ya taifa, hapa Pest, tarehe 5 Mei.

Baba alisoma habari hiyo akiwa amesimama, jambo ambalo kwa kawaida hulifanya kwa habari za vita tu. "Sisi na wao mfalme mmoja," alisema, "jeshi moja, noti moja, stempu tu ndizo tofauti. Basi angalau kwenye mpira wajue Hungaria ni nchi. Wamuweke Tarnai. Wasipomuweka, kamati ya kuchagua timu ni ya wajinga."

"Pengine hafai, Baba."

"Wewe unajua nini, bwana mdogo? Wewe uliwahi kufunga nini, zaidi ya kamba za viatu?"

Sasa najua ninachotaka, nakiandika hapa. Nataka kucheza na Waustria. Nataka kumaliza shule. Halafu, cheti kikiwa mkononi, nataka kumwambia Baba kwenye meza hii hii kwamba ni mimi.

Jumapili 14 Aprili
Mechi ya majaribio mbele ya kamati imeahirishwa. Mvua.

Jumapili 21 Aprili
Mechi ya majaribio imeahirishwa. Uwanja ni bwawa. Bata wawili walikuwa kwenye eneo la penalti, na Reiner alisema ni mabeki wazuri kuliko wetu.

Alhamisi 25 Aprili
Majaribio yamefanyika leo alasiri, siku ya shule. Nilimwambia Bwana Zsombory naumwa jino. "Upande gani?" aliuliza. Nikasema kushoto. "Nilijua utasema kushoto," alisema, akanipa ruhusa. Njia nzima sikuelewa alikuwa na maana gani, na majaribio yenyewe nilicheza vibaya. Kamati ni mabwana watano kutoka klabu tano, na kila mmoja alikuwa anamtazama mtu wake tu.

Jumapili 28 Aprili
Telegramu kutoka Vienna. Waustria hawawezi tarehe 5, wanaomba 2 Juni. Mtihani wa kuandika ni wiki ya pili ya Mei, na wa kujibu kwa mdomo ni 6 Juni. Ina maana nitacheza, kama nitacheza, siku nne kabla ya kusimama mbele ya Bwana Zsombory mwenyewe. Nilimwambia Vince wasingeweza kupanga vibaya zaidi hata kama wangenishirikisha.

Ijumaa 10 Mei
Mitihani ya kuandika imekwisha. Sikumbuki niliandika nini.

Jumatatu 13 Mei
Siku za watakatifu wa barafu, wale wanaorudisha baridi katikati ya Mei, na mwaka huu hawakukawia. Umande umeganda kwenye bustani ya shule, miche ya pilipili ya Mama imelala chini yote. Nimejikwaruza kifundo cha mguu wa kulia kwenye mazoezi. Kamati bado haijatangaza. Mabwana watatu wanamtaka Tarnai, wawili wanataka mtu kutoka klabu zao. Mmoja wao alisema Tarnai ni mzee, ameshapita wakati wake. Nina miaka kumi na minane.

Jumatatu 20 Mei
Jina limo. Tarnai, winga wa kushoto. Nililiona kwenye gazeti lililobandikwa kwenye kibanda cha tumbaku, nikasimama pale mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama nanunua au naomba joto.

Nyumbani Baba alikuwa na habari kabla yangu. Amefunga duka mapema, jambo la ajabu. Amenunua tikiti. "Nitamwona kwa macho yangu," alisema. Baba ameharibu macho kwa kushona. Anakaa mstari wa mbele kanisani na bado anamwuliza Mama nani anahubiri. Hata hivyo nilikosa usingizi.

Jumamosi 1 Juni
Joto. Nimeisafisha ile kofia ya kijivu kwa mvuke wa birika.

Jumapili 2 Juni
Naandika haya yote sasa, kesho sitayakumbuka kwa mpangilio.

Asubuhi nilikwenda misa na Mama. Baba alikuwa ametangulia uwanjani ili apate nafasi nzuri. Vince alinisubiri nje na sanduku la fidla. Mama alituona, akamwambia, "Mwalimu wako wa fidla anafundisha hata Jumapili?"

"Nabusu mkono, mama," Vince alimsalimia. "Nina tamasha leo."

"Basi mcheze vizuri," Mama alisema. Alisema "mcheze", wawili, kisha akaenda zake.

Sijawahi kuona watu wengi vile. Kofia ngumu za mviringo mpaka kwenye miti ya mishita. Waustria walikuja na jezi nyeupe zilizopigwa pasi, sisi tulikuwa na za kukopa, yangu mikono mirefu mno. Beki wao wa kulia alikuwa mtu mzima mwenye upara, alinisalimia kwa Kijerumani akanikanyaga kabla refa hajapuliza.

Kipindi cha kwanza walitufunga. Kosa la kipa wetu, lakini Reiner alinigeukia mimi kwa sababu nilikuwa karibu. "Amka, Tarnai!" Nilichelewa kujua ananiita mimi. Hilo limenitokea msimu mzima, naitwa na nachelewa nusu sekunde.

Kipindi cha pili jua lilikuwa usoni mwao. Kila nikipata mpira yule mwenye upara alinisubiri kwenye mstari, akidhani nitasimama kabla ya kona ili nipige krosi, kama mawinga wote wanavyofanya. Mara mbili nilisimama. Mara ya tatu sikusimama. Nikaupitisha mpira kati yake na mstari wa chaki, nikaingia ndani, nikapiga kwa kushoto chini chini. Uligonga mwamba, ukaingia.

Zikaruka kofia. Mbingu yote ilikuwa kofia. Na wote wakaimba: Tar-nai, Tar-nai.

Nimefikiri nitaandikaje jambo hili kwa usahihi. Nilisikia kama mtu aliyesimama mlangoni pa harusi isiyo yake. Niliwatazama, nikawa natafuta kofia moja tu ambayo haijarushwa, kwa sababu Baba hawezi kurusha kofia, atakufa kwanza. Sikuiona.

Muda mfupi baadaye mpira ukatoka upande wangu. Nikaukimbilia mpaka kwenye kamba. Aliyeushika alikuwa Bwana Zsombory. Koti jeusi, joto lile. Tulikuwa karibu kiasi cha kupeana mkono. Kofia yangu ilikuwa imesogea nyuma, jasho, uso wote wazi.

Alinipa mpira. "Harakisha, kijana," alisema. "Muda wenyewe hautoshi."

Sare, goli moja kwa moja. Mwishoni nilikuwa na nafasi nyingine, nikapiga juu. Nilikuwa nawaza shule.

Walipotupanga kwa picha niligeuza kichwa.

Jumatatu 3 Juni
Gazeti: "Mkongwe Tarnai aliokoa heshima ya taifa." Kwenye picha mahali pa uso wangu pana kitu kama moshi. Foleni ya kofia dukani imefika kwa mwoka mikate. Baba aliimba akifanya kazi. Kila mteja alisimuliwa lile goli, na kila mara beki mwenye upara alizidi kuwa mnene.

Alhamisi 6 Juni
Mtihani wa mdomo. Suti nyeusi, meza yenye kitambaa cha kijani, walimu saba. Nilingoja Bwana Zsombory atoe neno la kunifukuzisha. Alinipa kifungu kirefu nitafsiri. Nikapotea katikati.

"Umechoka, Haraszti," alisema. "Naona ulifanya kazi nyingi Jumapili."

Mkuu wa shule aliinua kichwa.

"Ndiyo, Bwana Mwalimu."

"Wengine tulikuwa na homa, tumelala nyumbani siku nzima. Endelea, anzia kwenye kitenzi."

Nimefaulu. Koridoni alinipita na mwavuli wake. "Mwaka juzi," alisema bila kusimama, "huyo mwenzako alikuwa anasimama kabla ya kona. Ilikuwa inanikera." Akaenda. Kumbe alikuja misimu yote hiyo kutazama mpira. Mimi nilipoteza nusu ya msimu nikimpa mgongo.

Jumamosi 8 Juni
Cheti kimesainiwa. Mama alipika kuku wa paprika. Nilingoja Baba amalize bilauri ya kwanza ya divai.

"Baba, Tarnai ni mimi."

Alitafuna. Alimtazama Mama, akanitazama mimi. "Tarnai gani?"

"Wa winga ya kushoto. Wanafunzi hatuwezi kucheza kwa majina yetu. Lile goli la Waustria ni langu."

Aliweka uma chini taratibu. Sikuona hasira usoni, nilimwona ananihurumia, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Dénes. Tarnai anacheza huu mwaka wa nne. Alipowafunga wale wa Győr wewe ulikuwa na kaptura na surua."

"Yule alikuwa Tarnai mwingine. Jina ni la klabu, linapokezanwa."

"Jina linapokezanwa," alirudia. "Kama koti."

Nikaleta kofia ya kijivu. Aliigeuza, akaona bitana. "Hii nimeitupa. Kofia za namna hii nimewauzia nusu ya Pest." Akanirudishia. "Umefaulu mtihani, mwanangu. Inatosha. Huna haja ya kujiongezea."

Nilimtazama Mama. "Mimi najua soksi tu," alisema. "Majina siyajui." Lakini alikuwa mwekundu, akaondoka kwenda kuangalia kitu jikoni ambacho hakikuwapo.

Jumanne 11 Juni
Nilikwenda klabuni kujiandikisha kwa jina langu. Reiner alinipa mkono kwa heshima.

"Karibu sana, Haraszti. Timu ya pili inafanya mazoezi Jumatano."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kamati imeshataja timu ya kwenda Vienna mwezi wa kumi, na winga wa kushoto ni Tarnai. Tarnai ni wa klabu yetu, na watu wanalipa kumwona Tarnai. Haraszti hawamjui.

"Lakini mwenye mguu ni mimi."

"Mguu ni wako, nani amekataa? Uonyeshe timu ya pili. Mwakani, au mwaka unaofuata, tutaona." Akalainika kidogo. "Ndugu yangu, na mimi nilicheza miaka miwili kwa jina la mtu. Ukilirudisha, unaanza chini. Ndivyo ilivyo."

"Na Tarnai sasa ni nani?"

Alisita. "Vince."

Jumatano 12 Juni
Vince alikuja mpaka mlangoni na sanduku la fidla, hakujua aweke wapi macho. "Sikuomba," alisema. Nilimwambia asisimame kabla ya kona. Hakusikia, au hakuelewa. Nilimpa njumu yangu ya ziada ya kushoto, kisha nikajuta, kisha nikajutia kujuta.

Jumapili 16 Juni
Timu ya pili, uwanja wa nyuma, karibu na ghala la makaa. Watazamaji: mbwa na mlinzi. Nilifunga mawili. Hakuna kofia iliyoruka. Mlinzi hakuwa nayo.

Alhamisi 20 Juni
Joto la kuchoma. Nimeanza kazi dukani. Baba hanitajii Tarnai tena, mbele ya wateja anamtaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumzia jamaa mgonjwa.

Jumapili 23 Juni
Timu ya kwanza ilicheza mchana, mechi ya mwisho ya msimu. Baba alikwenda. Mimi sikwenda, nilikaa na Mama tukimenya njegere.

Baba alirudi mapema. Alitundika kofia, akakaa, akala supu yote. Mama aliuliza nani ameshinda.

"Wao." Akafuta mdomo. "Tarnai alifika kwenye kona mara kumi. Kila mara anasimama. Anafika, anasimama, anatazama, anapiga krosi. Siku ya Waustria hakusimama. Mimi macho yangu ni mabovu, lakini mtu kusimama na mtu kutosimama naona."

"Pengine amechoka," Mama alisema.

"Yule si Tarnai," Baba alisema.

Alikuwa anatazama sahani. Nilibana kijiko. Nje tramu ilipita, glasi kwenye kabati zikagongana kidogo, na yeye akangoja zitulie.

"Ile kofia ya kijivu," alisema. "Ilete. Bitana ile ni aibu, huwezi kuivaa mbele za watu." Akaivuta miwani yake ya kazi kutoka mfukoni, ingawa ni Jumapili na Jumapili hashoni. "Hiyo timu ya pili yenu inacheza saa ngapi?"

Jumapili 30 Juni
Mechi ya kirafiki, ya mwisho kabisa, kule kwenye ghala la makaa. Tulifungwa. Sikufunga hata goli. Mara moja tu niliipita kona bila kusimama, na mpira ukatoka nje.

Watazamaji: mbwa, mlinzi, na mtu mmoja mwenye kofia nzuri kuliko zote Pest, ambaye hakuirusha. Lakini aliivua.